Utafiti Mmoja Hautoshi: Minyoo ya Busia na Mizani ya Wataalamu



Nabuyoga ni mahali padogo katika wilaya ya Tororo, upande wa Uganda. Watu wake wametawanyika kutafuta riziki: wako wanaofanya kazi viwandani Tororo mjini, na wako waliovuka mpaka kwenda kukata miwa na kuchuma chai. Lakini watoto wao wamebaki nyumbani, na habari yetu ya leo yawahusu watoto hao pamoja na wazazi wao walio kazini.

Tangu mwaka 2004 Uganda imekuwa na Siku za Afya ya Mtoto, mwezi wa Aprili na mwezi wa Oktoba, ambapo watoto hupewa vitamini A na vidonge vya minyoo. Kenya nayo ilianza mpango wa taifa wa kutibu minyoo mashuleni mwaka 2009. Pande zote mbili za mpaka, vidonge hutolewa kwa wote, aliye na minyoo na asiye nayo, bila kumpima mtoto mmoja mmoja.

Je, vidonge hivyo vina faida? Wataalamu wamelibishania swali hili miaka mingi. Kundi moja lasema faida yake ni kubwa, na ushahidi wake umetoka hapa hapa Busia. Kundi la pili lasema limekusanya tafiti za dunia nzima, likazijumlisha, na faida hiyo halikuiona. Wote wamesoma, na wote wana hesabu mikononi. Basi mfanyakazi amfuate nani?

Katika makala haya twataka kueleza jinsi matokeo ya tafiti nyingi za uganga yanavyojumlishwa yakawa jibu moja, na jinsi jibu hilo linavyopaswa kupokelewa. Tusipoielewa kazi hii, kila anayekuja na karatasi yenye tarakimu atatuongoza apendavyo.

MINYOO NA MFANYAKAZI

Asije mtu akasema minyoo ni habari ya watoto tu. Minyoo ya safura huingia mwilini kwa kupenya ngozi, hasa ya miguu isiyo na viatu, kutoka katika udongo uliochafuliwa na choo cha binadamu. Ikifika tumboni hunyonya damu. Mtu hupauka, huishiwa nguvu, na msimamizi humwita mvivu.

Mnamo mwaka 1880, wafanyakazi waliokuwa wakichimba njia ya reli chini ya mlima wa Gotthard, nchini Uswisi, walishikwa na upungufu mkubwa wa damu. Waganga walipochunguza waliona safura. Ndani ya shimo lile mlikuwa na joto na unyevu, hapakuwa na vyoo vya kutosha, na watu walijisaidia pale pale walipofanya kazi. Haukuwa ugonjwa wa uvivu. Ulikuwa ugonjwa wa mahali pa kazi pasipo na choo. Wenzetu wa mashambani wataitambua hali hiyo upesi.

MIZANI YA WATAALAMU

Tuseme mwenye shamba la chai ataka kujua kama mbolea mpya imeongeza majani. Akipima kikapu kimoja, cha mchumaji mmoja, siku moja, atadanganyika. Pengine siku hiyo mvua ilikuwa njema. Pengine mchumaji huyo ana mikono myepesi. Akipima vikapu vya wachumaji mia moja kwa msimu mzima, na kuvilinganisha na vya sehemu isiyotiwa mbolea, hapo ataanza kuona ukweli.

Utafiti wa dawa ni hivyo hivyo. Utafiti wa watu 40 huyumba: wawili wakipona kwa bahati, dawa huonekana ya ajabu, wawili wakifa kwa bahati, dawa huonekana sumu. Utafiti wa watu 5,000 hautikisiki upesi. Kwa hiyo wataalamu hutafuta tafiti zote zilizofanywa juu ya dawa ile ile, huzichambua moja moja, hutupa zile zilizofanywa ovyo, kisha hujumlisha matokeo. Lakini hawahesabu tu ngapi zimesema ndiyo na ngapi zimesema hapana. Kila utafiti hupewa uzito wake. Mkubwa uliofanywa kwa uangalifu huwa na sauti kubwa, na mdogo huwa na sauti ndogo, kama vile kikapu cha kilo 3 kisivyoweza kulingana na lori zima.

Kazi hii si ngeni. Mwaka 1904 bingwa wa hesabu wa Uingereza, Karl Pearson, alijumlisha matokeo ya chanjo ya homa ya matumbo miongoni mwa askari wa Kiingereza waliokuwa Afrika ya Kusini na India. Baadaye akaja daktari Archie Cochrane. Huyu aliwapima wachimba makaa wa Wales walioharibiwa mapafu na vumbi la mgodini, na aliijua vyema thamani ya ushahidi katika maisha ya mfanyakazi. Mwaka 1979 aliwalaumu madaktari wenziwe kwamba hawajaandaa muhtasari wa majaribio yote ya tiba na kuutengeneza upya kila mara. Mwaka 1993 ukaundwa ushirika wa wataalamu wa nchi nyingi wa kuifanya kazi hiyo, nao ukapewa jina lake, Cochrane.

FAIDA YAKE: MFANO WA MALARIA

Watu wa Tororo hawahitaji kuelezwa malaria ni nini. Utafiti wa mwaka 2001 na 2002 ulikadiria kwamba mtu mmoja wa Tororo aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 562 kwa mwaka. Kwa miaka mingi, mtoto aliyezidiwa na malaria alitundikiwa kwinini.

Kukaja dawa nyingine ya sindano, atesuneti. Mwaka 2005 utafiti wa wagonjwa 1,461 katika nchi za Asia ulionyesha kwamba waliopewa atesuneti walikufa 15 katika kila 100, na waliopewa kwinini 22. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa watu wazima. Je, na watoto wa Afrika? Mwaka 2010 ukatolewa utafiti wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Uganda, Kenya na Tanzania zikiwamo. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walikufa 109. Waliopewa atesuneti walikufa 85.

Wataalamu wa Cochrane wakakusanya tafiti zote 8 walizozipata, zenye watu wazima 1,664 na watoto 5,765. Tafiti 6 kati ya hizo, zote kwa pamoja, hazikufika watu 600. Peke yake hakuna hata mmoja uliokuwa na nguvu ya kusema neno. Zilipojumlishwa na zile mbili kubwa, jibu lilikuwa moja: atesuneti huokoa maisha zaidi ya kwinini. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likashauri watoto wenye malaria kali watibiwe kwa atesuneti. Hapo hapakuwa na ubishi, kwa sababu tafiti zilielekea upande mmoja, ugonjwa ulikuwa mmoja, na kilichohesabiwa kilikuwa wazi: nani amekufa na nani yu hai.

UBISHI WA MINYOO

Habari ya minyoo si nyepesi hivyo. Ilianza jirani na Nabuyoga, ng'ambo ya mpaka, katika tarafa za Funyula na Budalangi, wilaya ya Busia nchini Kenya. Mwaka 1998 shirika moja la Kiholanzi lilianza kutoa dawa katika shule za msingi 75, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Wanafunzi 92 katika kila 100 walionekana kuwa na minyoo ya aina fulani: safura, mchango, kichocho na mingineyo. Shule ziliorodheshwa, zikahesabiwa moja, mbili, tatu, hata yakapatikana mafungu matatu ya shule 25. Fungu la kwanza lilianza kupewa dawa mwaka 1998, la pili mwaka 1999, na la tatu mwaka 2001. Kwa njia hiyo waliopewa mapema waliweza kulinganishwa na waliongoja.

Wachumi wawili, Edward Miguel na Michael Kremer, walitoa matokeo mwaka 2004. Walisema utoro shuleni ulipungua kwa robo. Walisema tena kwamba hata watoto ambao hawakumeza dawa walipata faida, maana wenzao walipotibiwa, mayai ya minyoo yalipungua katika udongo. Alama za mitihani hazikupanda. Hata hivyo habari ya utoro ilienea duniani, na serikali nyingi zikavutiwa na dawa hii ambayo bei yake ni ndogo.

Karibu na wakati huo, upande wetu wa mashariki ya Uganda, ulifanywa utafiti mwingine katika parishi 50, kwa watoto karibu 28,000 wenye umri wa mwaka 1 hadi 7. Matokeo yalitolewa mwaka 2006. Watoto waliopewa dawa mara mbili kwa mwaka waliongezeka uzito kiasi cha gramu 166 zaidi ya ilivyotazamiwa. Si uzito mwingi, lakini ulionekana.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Wataalamu wa Cochrane walitafuta kila utafiti wa dawa za minyoo kwa watoto waliouweza kuupata. Katika muhtasari wao wa mwaka 2015 waliweka tafiti 45. Mmoja peke yake, uliofanywa India, ulikuwa na watoto zaidi ya milioni moja. Zile 44 nyingine zilikuwa na watoto 67,672. Walipozijumlisha walisema kwamba kuwapa dawa watoto wote wa mahali bila kuwapima hakuongezi sana uzito kwa wastani, wala damu, wala akili darasani, wala hakupunguzi vifo.

Mwaka huo huo wa 2015 wataalamu wa London walichukua daftari za utafiti wa Busia wakazihesabu upya. Waliona makosa ya hesabu. Madai kwamba faida ilifika mpaka shule zilizo kilomita 3 hadi 6 hayakusimama. Miguel na Kremer walikubali kwamba makosa yalikuwapo, wakashikilia kwamba neno lao kubwa, la utoro kupungua, lilibaki. Mwaka 2016 wao na wenzao wakatoa ujumlishaji wao wenyewe, wakasema watoto waliopewa dawa huongezeka kiasi cha gramu 130 kwa wastani, na kwamba Cochrane waliacha nje hesabu ambazo zingeweza kutumika. Mwaka 2019 Kremer akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili, kwa kazi yao ya kupima njia za kupunguza umaskini. Mwaka 2021 wakatoa habari nyingine: miaka 20 baada ya mpango wa Busia, watoto waliotibiwa mapema, sasa watu wazima, walikuwa wakipata ujira wa saa uliozidi wa wenzao kwa asilimia 13.

KWA NINI WAMETOFAUTIANA?

Mtu mwepesi wa hasira atasema kundi moja linadanganya. La hasha. Tofauti yao imetokana na mambo matatu, nayo yafaa kila mfanyakazi ayajue.

Jambo la kwanza ni kile kilichotiwa ndani ya kapu. Busia ya mwaka 1998 ilikuwa imejaa minyoo, na tena mafuriko ya El Niño yalikuwa yamepita. Kwingine minyoo ilikuwa michache. Mkichukua mahali pa minyoo mingi na mahali pa minyoo michache mkatafuta wastani, wastani huo haumwelezi mtu yeyote sawasawa. Tuseme kampuni imegawa buti kwa watu wote, wa bwawani na wa ofisini, kisha ikasema, "Kwa wastani buti hazikupunguza majeraha mengi." Karani hakuwa na hatari ya kuumia mguu. Muulizeni aliye bwawani. Lakini Cochrane nao wana hoja: baadhi ya matokeo makubwa yalitoka sehemu moja ya Pwani ya Kenya miaka ya 1980, ambako watoto waliotibiwa waliongezeka zaidi ya kilo 1 kuliko wenzao. Mambo makubwa kama hayo hayakuonekana tena yalipojaribiwa kwingi. Haifai kuiahidi dunia nzima mavuno ya shamba moja.

Jambo la pili ni nani amelinganishwa na nani. Katika tafiti nyingi, watoto wa shule moja waligawanywa nusu kwa nusu, hawa dawa, hawa hapana. Ikiwa ni kweli kwamba dawa ya mmoja humsafishia mwenzake udongo, basi nusu zote mbili zimefaidika, na ukizilinganisha tofauti itaonekana ndogo. Ndiyo hoja ya watu wa Busia. Wapinzani wao hujibu kwamba Busia watoto na walimu walijua nani amepewa dawa, na mtu anayejua aweza kubadili mwenendo wake hata kama dawa haijafanya kitu.

Jambo la tatu ni zile tafiti zisizoonekana. Utafiti usiokuta faida mara nyingi hukaa mezani, hauchapishwi. Sisi wa chama twalijua jambo hili. Katibu wa tawi akiandika malalamiko ya waliofika mkutanoni tu, hajui habari ya walio zamu ya usiku. Mjumlishaji mwema huwatafuta walio zamu ya usiku. Ule utafiti mkubwa wa India ulimaliza kazi mwaka 2004, lakini matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013. Kwa miaka hiyo yote, muhtasari wo wote ulioandikwa ulikuwa na pengo la watoto milioni moja.

YASIYO NA UBISHI

Katika mabishano haya kuna mambo ambayo pande zote zimekubaliana, nasi twaomba yasisahauliwe.

Hakuna aliyesema dawa haiui minyoo; yaua. Hakuna aliyesema mtu mwenye minyoo asitibiwe, na atibiwe. Ubishi ni juu ya kuwapa watu wote bila kupima, na juu ya ukubwa wa faida inayoahidiwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, liliendelea kushauri dawa itolewe kwa watoto wote mahali ambapo 20 au zaidi katika kila 100 wana minyoo. Kwa hiyo mzazi wa Nabuyoga asimzuie mtoto wake kwa sababu amesikia kwamba "Wazungu wamesema dawa ni bure." Hawakusema hivyo.

Tena hakuna aliyesema kwamba kidonge ni badala ya choo. Mtoto akimeza dawa leo, kesho akakanyaga udongo ule ule uliochafuliwa, minyoo itarudi. Na mfanyakazi wa shamba ni vivyo hivyo. Mwajiri akileta sanduku la vidonge mara moja kwa mwaka, tumshukuru, kisha tumwulize: vyoo viko wapi, na buti ziko wapi, na maji ya kunawa yako wapi? Sheria za usalama na afya kazini, ya Uganda ya mwaka 2006 na ya Kenya ya mwaka 2007, zamtaka mwajiri aweke vyoo vinavyofaa na vifaa vya kujikinga. Hiyo ni haki ya mfanyakazi, wala haingojei wataalamu wamalize kubishana.

MASWALI YA KUULIZA

Siku nyingine mtakuja kuambiwa kwamba utafiti umeonyesha vumbi fulani halina madhara, au kwamba dawa fulani ya kunyunyizia mimea ni salama. Wajumbe wetu katika kamati za usalama wasikubali wala wasikatae papo hapo. Wayaulize maswali haya:

Je, huo ni utafiti mmoja au ni tafiti nyingi zilizojumlishwa? Kama ni mmoja, ulikuwa na watu wangapi, nao walifuatwa kwa muda gani?

Kama ni nyingi, zilichaguliwa kwa kanuni gani, na zilizoachwa ziliachwa kwa nini?

Waliochunguzwa walikuwa watu wa hali kama yetu, wenye kazi kama yetu na joto kama letu, au walikuwa watu wengine kabisa?

Nani alilipia kazi hiyo, na je, daftari zake zaweza kuhesabiwa upya na mtu mwingine kama zilivyohesabiwa zile za Busia?

Maswali haya hayahitaji shahada. Yahitaji mtu asiyeona haya kuuliza mbele ya wakubwa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Neno hilo twalitumia kila siku kuhusu umoja wetu, nalo lafaa kwa elimu pia. Lalamiko la mtu mmoja laweza kuwa kweli, laweza kuwa kinyongo. Malalamiko ya idara zote, yaliyoandikwa vizuri na kupimwa kwa haki, huwa hoja ambayo mwajiri hawezi kuipuuza. Lakini sote twajua pia kwamba katibu mbaya aweza kuwakusanya wengi akatoa neno ambalo hakuna aliyelisema. Tuuheshimu ujumlishaji, na tumkague mjumlishaji.

Watoto wa Nabuyoga na wa Funyula hutenganishwa na mpaka, lakini minyoo haina pasipoti. Tawi lo lote ambalo bado lina shamba lisilo na choo na lilete habari hiyo mbele ya kamati katika mkutano unaokuja, pamoja na hesabu: wafanyakazi wangapi, vyoo vingapi, na tangu lini.